Maoni Yangu Kuhusu Gemu, na Ng'ombe wa Mzee Kaelo

Nyinyi mnaocheza gemu kwa simu mkiwa mmelala chali, hebu kaeni wima kidogo niwaambie jambo. Mimi ni Mama Nafula, wa umri wa kuitwa kukhu, yaani nyanya. Magoti yananisumbua baridi ya Julai ikishika Kitengela, na vidole gumba vyangu viwili vina sugu ambazo hazikuletwa na jembe. Jembe nimelishika, ndiyo, kwetu Bungoma kabla sijaolewa. Lakini sugu hizi ni za pedi, kile kidude chenye vitufe cha kuchezea gemu. Nilifungua chumba cha gemu nyuma ya barabara ya Namanga wakati wengi wenu mlikuwa bado mmefungwa mgongoni, na nimekifunga juzi juzi tu nilipostaafu. Kwa hivyo mtu asinijie na maneno ya kwamba gemu ni upuzi. Upuzi naujua, na haujawahi kunisomeshea mtoto.

Sikuitafuta kazi hii. Mume wangu alikuwa kwenye kiwanda cha saruji kule Athi River, na walipopunguza watu alirudi nyumbani na mashine ya gemu aliyouziwa na mwenzake aliyekuwa akihama. Nilimwuliza, "Sasa tutakula waya?" Akasema tujaribu. Alijaribu kidogo, akaona watoto wa watu wana kelele, akaenda kutafuta kibarua Mlolongo. Mashine ikabaki na mimi, na mimi si mtu wa kuacha kitu ndani ya nyumba kikae bure.

Nianze na gemu ya mpira, kwa sababu ndiyo iliyotulisha na ndiyo ambayo siipendi hata leo. Kila kijana anataka timu ileile kubwa, halafu timu mbili zilezile zinakutana kutoka asubuhi mpaka jioni. Tena mpira wa mashine haumfundishi mtu mpira. Unamfundisha lawama. Sijawahi kuona mtu amefungwa akasema amefungwa kwa sababu hajui kucheza. "Mathe," yaani mama, "pedi imekufa!" "Mathe, hii pedi haiskumi!" Hata yule aliyekuwa akishinda nayo muda mfupi uliopita, akifungwa goli moja tu pedi imekufa. Na kwa kuwa desturi ya vyumba vyote ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipa, pedi zangu zilikuwa zinakufa siku nzima na kufufuka.

Nikaweka sheria yangu: wakati wa mapumziko mnabadilishana pedi, na mtu asiyetaka atoke nje. Kelele zikapungua wiki hiyohiyo. Ukiwa unataka kufungua chumba chako, anza na sheria hiyo kabla hujanunua viti.

Kuhusu pedi zenyewe, mwalimu wangu alikuwa Fundi Odhis wa Rongai. Huyo alikuja mara ya kwanza kutengeneza redio ya jirani, akasikia namtukana mashine, akachungulia. Nilikuwa nimeinama napuliza ndani kwa mdomo. Akaniambia, "Mathe, sasa hapo unatoa vumbi ama unatema mate?" Alinifundisha kufungua pedi bila kupoteza spring. Alinifundisha kukata kipande cha tyubu ya baiskeli na kukiweka chini ya kitufe kilicholegea. Mashine ikikataa kusoma CD, igeuze miguu juu, itasoma. Usiniulize kwa nini, hata yeye hakujua. Na vumbi la Kitengela usilidharau. Lile la udongo mweusi linafutika, lakini lile jeupe linalokuja na upepo linaingia kwenye jicho la mashine likakaa. Kila jioni nilifunika mashine zangu kwa leso, na wateja wakaniuliza kama naziombea zilale salama.

Kabla Odhis hajanifikia nilishafanya mambo. CD zilipoanza kukwama niliona zina mikwaruzo na mafuta ya chipsi. Mimi najua kuosha. Nilichukua jivu na maganda ya mahindi, nikazisugua vile mama yangu alivyokuwa akisugua sufuria mpaka unajiona uso. Ziling'aa, nakwambia. Niliziweka juani zikauke, nikasimama nikazitazama kwa furaha. Hakuna hata moja iliyocheza tena. Odhis aliposikia alicheka mpaka akakaa chini kwa kizingiti, halafu kila akija alikuwa akiniuliza, "Mathe, leo umepika nini na hizo CD?"

Gemu ya ngumi naiheshimu. Ni fupi na haina maneno mengi. Lakini kuna watu huibonyeza kama wanaokanda chapati, vitufe vyote kwa pamoja, na siku ya kwanza watashinda, hata watakushinda wewe uliyejifunza. Usikasirike. Wasichana wa saluni ya jirani walikuwa hivyo. Walikuja wakati hakuna wateja, wakawapiga vijana wangu wote wakubwa, wakarudi kazini wakicheka. Mwezi uliofuata hakuna aliyeshindwa nao tena, kwa sababu mtu anayebonyeza kila kitu hajui kilichomsaidia. Mmoja wao tu, ambaye alianza kuniuliza kila kitufe kinafanya nini, ndiye aliyeendelea. Anaitwa Muthoni, na mtamsikia tena.

Halafu kuna ile ya mjini, ya kuiba magari na kukimbizana na polisi. Akina mama wa kanisa walinijia kwa sababu yake. Niliwaambia siwezi kusema ni mbaya wala nzuri kabla sijaimaliza, nikaimaliza. Maoni yangu ni kwamba imejaa ufidhuli, na walio chini ya miaka kumi na minane nikawakataza. Lakini nilikuwa na mteja mmoja, baba wa watu, aliyefanya kazi Nairobi na kurudi kila siku akiwa amekaa kwenye msongamano mpaka ametoa jasho la hasira. Alikuwa akilipia gemu hiyo kabla hajaenda kwa mke wake. Hakuiba hata gari. Alipanda la kwake, akaendesha polepole kwenye barabara tupu kando ya bahari ya mashine, akasimama kila penye taa nyekundu. Vijana walimcheka. Mimi nilimwelewa kabisa.

Sasa nifike kwenye gemu ninayoipenda, na iliyokaribia kunitoa Kitengela.

Ilikuja ndani ya fungu la CD nilizonunua mjini, hakuna aliyeiagiza. Ni gemu ya shamba. Unapewa kipande cha ardhi, nyumba ndogo, zizi, na ng'ombe wa kuanzia. Unapanda, unapalilia, unanywesha, unakamua, unalala, kunakucha, unaanza tena. Vijana waliiangalia mara moja wakasema, "Mathe, hii ni kazi." Hakuna aliyeirudia. Basi ikawa yangu ya asubuhi, kabla wateja hawajaja. Nilikuwa nimekimbia jembe Bungoma, nikajikuta nalima kwa pedi Kitengela, na nilikuwa na furaha sana.

Wakati huo plot nyingi zilikuwa hazijajengwa, na kiangazi kikizidi ng'ombe walipita katikati ya mji kutafuta nyasi. Ng'ombe wa kwetu pale walikuwa wa Mzee Kaelo, mwenye ardhi yote ya nyuma ya barabara, pamoja na chumba changu. Aliyewachunga alikuwa Lekishon, mtu mzima wa miaka kama thelathini hivi, mrefu, mwenye heshima nyingi. Asubuhi moja alisimama mlangoni akaona skrini yangu.

"Yeyo," akaniambia, na hilo ndilo neno lao la mama, "hiyo ng'ombe ni ya nani?"

"Yangu."

"Nani anachunga?"

"Mimi."

Aliinama akazitazama vizuri. Halafu akasema, "Unachunga vibaya," akaingia.

Kuanzia siku hiyo Lekishon alikuwa akipita kila asubuhi. Nilimpa pedi, na sikumlipisha, kwa sababu alinifundisha kuwatoa ng'ombe mapema na kuwarudisha kabla hawajachoka, na maziwa ya mashine yakaongezeka kweli. Alikuwa akiwaacha wale wa kweli kwenye nyasi za plot iliyo mbele, mahali anapowaona kwa mlango. Mpaka siku moja akageuza kiti kuelekea skrini, mgongo kwa mlango.

Tulisikia yowe la Mama Ciku, jirani yetu. Ng'ombe walikuwa wamevunja ua wake, wameingia kwenye sukuma wiki aliyokuwa akiuzia mtaa mzima, wamekula, wamekanyaga, na mmoja alikuwa amesimama na gauni la Mama Ciku mdomoni. Lekishon hakusikia. Alikuwa anapeleka ng'ombe wangu majini.

Mzee Kaelo ndiye aliyetufikia kwanza. Aliinama mlangoni kwa sababu ya urefu wake, akaingia na fimbo yake, akasimama nyuma ya kiti. Hakupiga kelele.

"Lekishon. Ng'ombe zangu ziko kwa sukuma ya watu. Wewe hapa unachunga za nani?"

Lekishon alisimama akaweka pedi chini. Alijibu bila hata kutabasamu, maskini, maana alikuwa anasema ukweli. "Ni za Mama Nafula, Mzee. Zilikuwa na kiu."

Kama kungekuwa na mtu aliyethubutu kucheka, ningecheka naye. Mzee alinigeukia. "Mama Nafula, hii nyumba yako inaharibu watu. Nilidhani ni watoto tu, sasa hata watu wazima. Mwezi ikiisha, nafunga. Kuna mtu anataka mahali ya hardware, ya kuuza mbao na misumari, nitampatia."

Niliogopa, sitaficha. Mume wangu alikuwa kwa vibarua vya leo hakuna kesho vipo, watoto wangu wote walikuwa shuleni, na chumba kingine kwa bei ile hakikuwepo Kitengela yote.

Mzee alifika mlangoni. Halafu akageuka, akaitazama skrini.

"Hiyo nyeusi na nyeupe imesimama peke yake tangu niingie. Ni mgonjwa?"

"Hapana, Mzee. Inangoja kukamuliwa."

"Na inanyeshewa."

"Hiyo mvua ni ya gemu tu."

"Mvua ni mvua," akasema, akaenda kwa Mama Ciku kumaliza kesi ya sukuma.

Kesho yake alirudi. Alisema amekuja kuangalia kama bati linavuja, na hakuangalia juu hata mara moja. Aliuliza kama ile nyeusi na nyeupe imekamuliwa. Nikamwambia bado, nikamvutia kiti, nikamwekea pedi mkononi. Aliishika kwa viganja vyote viwili kama amepewa mtoto mchanga. Nilimwonyesha: hiki cha kutembea, hiki cha kushika, hiki cha kuita. Alikuwa mgumu wa vidole lakini hakuwa mgumu wa kichwa. Siku hiyo aliingiza ng'ombe wote zizini kabla mvua ya gemu haijaanza, akaondoka bila kuaga.

Akawa anakuja kila asubuhi. Lekishon sasa alikuwa hapiti hata karibu na mlango. Aliwachunga wale wa kweli kwa upande wa pili wa barabara na kututazama kwa wivu. Mzee alikuwa na maoni yake juu ya gemu hii, na mengine ni bora kuliko yangu. Hakupenda kwamba hakuna miiba kwenye ua. Hakupenda kwamba dume hana jina. Na kilichomuudhi zaidi ni sura zao. "Hizi si ng'ombe nyingi," aliniambia. "Hii ni ng'ombe moja, wameichora tena na tena. Mtu aliyefanya hii hajawahi kuwa na ng'ombe." Lakini aliwazoea. Aliwajua kwa pale wanapopenda kusimama, akawapa majina, na mmoja alimwita jina la mama yake.

Nilianza kuwa na matumaini. Hatukuongea habari ya mwezi kuisha, lakini nilijiambia mtu hawezi kukunywea chai kila asubuhi halafu akakutoa. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Gemu hiyo, ukiingia zizini, inaandika juu kwenye kona idadi ya ng'ombe ulio nao. Mzee hakuwa mtu wa kusoma vitu vya konani. Asubuhi moja ndama alizaliwa, na chumba kilikuwa na watu, na mimi nikataka kumsifu mbele yao. Nikapiga makofi nikasema kwa sauti, "Jamani, mwoneni Mzee! Amefikisha ng'ombe kadhaa!" Ila sikusema kadhaa. Niliitaja hesabu yenyewe, na sitairudia hapa.

Mzee aliweka pedi chini. Hata waliokuwa kwenye mpira waligeuka.

"Nani alikutuma uhesabu ng'ombe zangu?"

Sikuelewa. Nikaanza kusema ni mashine iliyohesabu, siyo mimi. Alikuwa ameshainama mlangoni anatoka.

Lekishon ndiye aliyekuja kunieleza. "Yeyo, mali ya mtu haihesabiwi hivyo mbele ya watu. Mwenyewe anajua ikiwa imetimia, anaangalia tu. Ukitaja, umeiitia shida." Nilishika kichwa. Hata kwetu huwezi kusimama ukawahesabu watoto wa mtu kwa kidole. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu utotoni, na bado sikudhani lingefika mpaka kwa ng'ombe wa televisheni.

Mzee hakurudi. Mwezi ukawa unaisha. Mtu wa hardware alikuja na futi yake, akapima mlango wangu wateja wakiwa ndani, akaniuliza kama stima ni ya mita yangu. Nilimjibu vizuri, nikampa hata kiti. Alipoondoka nilikaa nikalia kidogo, halafu nikafuta uso nikasema sitatoka hapa kama maji ya kuoshea vyombo. Kama ni kosa nimelifanya, litarekebishwa, na nitalirekebisha mimi.

Nilichukua ile tepu nyeusi ya fundi wa stima aliyoniachia Odhis. Niliwasha gemu ya shamba, nikaangalia kona, nikabandika tepu juu ya kioo, mara mbili, mpaka hesabu haikuonekana hata kwa pembeni, na televisheni nyingine nazo nikazifanya vivyo hivyo, maana gemu ile yaweza kuwashwa popote.

Sasa shida ni kwamba kwenye mpira, kona ileile ndiyo inayoonyesha magoli. Vijana walinivamia. "Mathe! Score iko wapi?"

"Kichwani kwako."

"Aaah, Mathe! Na mtu akibisha?"

"Basi jifunze kuhesabu magoli, maana ng'ombe hapa hazihesabiwi."

Wengine walihama, wakaenda chumba kingine cha karibu na stendi. Iliniuma, kwa sababu siku hizo kila mteja alikuwa mkate. Odhis mwenyewe aliniambia niitoe tepu mpira ukianza na kuirudisha asubuhi, nani atajua? Nilimwambia nitajua mimi. Sikuitoa.

Kisha nikanunua sukari na majani chai, nikavaa nguo ya kanisani, nikaenda nyumbani kwa Mzee, ng'ambo ya Isinya. Nilimkuta amekaa nje ya boma.

"Takwenya," akanisalimu, vile mwanamke husalimiwa na wazee wa kule.

"Iko," nikaitika.

Tulikunywa chai. Nikamwambia, "Mzee, nilikosa kwa ujinga. Nimeifunika ile hesabu. Hakuna mtu ataiona tena, hata mimi."

Alizungusha kikombe. "Zimekula?"

"Hapana. Tangu uondoke hakuna mtu amezigusa. Zimelala."

"Wapi? Ukizima stima, zinaenda wapi?"

Nilifungua leso kiunoni, nikatoa memori kadi, kile kidude kidogo cheusi ambacho mashine za zamani zilihifadhia mambo yake. Nikamwekea kiganjani. "Ziko hapa."

"Zote?"

"Zote. Na yule ndama."

Aliigeuza, akaisogeza karibu na macho. "Na hii ikipotea?"

"Zimeisha, Mzee. Hazirudi."

Alikunja uso kwelikweli. "Na wewe umepanda gari nazo, umezifunga kwa leso, na barabara yote hii? Mama Nafula, una akili?" Akanirudishia kadi kwa mikono miwili, akaniambia niende moja kwa moja, nisipitie sokoni.

Basi hilo tu. Hakusema atafunga, hakusema hatafunga. Niliporudi nilimweleza mume wangu, akaniuliza kama nimepanga vitu kwenye maboksi. Nikamwambia sipangi kitu.

Siku ya mwisho ya mwezi, mtu wa hardware alikuja na pikapu ya mbao asubuhi na mapema. Nilikuwa nimewahi kufungua. Mashine zilikuwa mahali pake, viti mahali pake, na mimi nimesimama katikati ya mlango na kisu changu cha kukatia tyubu, natengeneza pedi. Aliniamkua, nikaitika, sikusogea. Alianza kukasirika, lakini miguu yangu niliiambia ikae pale.

Mzee Kaelo alitokea upande wa barabara, anatembea mwendo wake uleule. Mtu wa hardware akamkimbilia. "Mzee, huyu mama bado hajatoa vitu."

Mzee alinipita, akainama, akachungulia ndani. Aliiona ile tepu nyeusi kwenye kona ya kioo. Kisha akageuka.

"Hapa siwezi kukupatia. Ng'ombe zangu ziko ndani. Nitakupatia ile plot ya kona, ni kubwa kuliko hii."

Yule mtu alinyoosha shingo akatazama ndani ya chumba. Aliona viti, televisheni na leso zangu. "Ng'ombe?"

"Zimelala," Mzee akasema, akaingia akakaa kwenye kiti chake. "Mama Nafula, washa. Zimekaa na njaa siku nyingi."

Nilichomeka kadi, nikamgeuzia kisogo ili asinione uso.

Hivyo ndivyo nilivyobaki Kitengela, na watoto wangu wakamaliza shule. Wale waliohama kwa ajili ya tepu walirudi mmoja mmoja. Kwa miaka mingi chumba changu kilikuwa ndicho pekee ambacho watu walicheza mpira bila kuona magoli, na nawaambia, hakukuwa na wachezaji makini kuliko hao, maana ukisinzia mwenzako anakuongezea goli. Lekishon naye alisamehewa, akawa anakuja siku za mvua, ng'ombe wa kweli wakiwa wamefungwa.

Sasa mnataka nijifanye napenda hizi gemu za simu. Nimezicheza, nyingi. Maoni yangu ni kwamba zinaanza kwa kukubembeleza na kuishia kukuomba. Ukiacha kucheza zinakutumia ujumbe, rudi, rudi, umesahauliwa. Ng'ombe wa Mzee hawakuwahi kumwita mtu. Walikaa walipoachwa mpaka mwenye kuwapenda aje. Ukitaka kujua gemu nzuri, izime, halafu uone kama ni wewe unayeifikiria au ni yenyewe inayokufikiria. Na ukiwa unatumia mashine za zamani, shika hili: mashine ikiwa inahifadhi, usichomoe kadi, hata nyumba ikiwa inaungua. Ngoja imalize.

Mzee Kaelo alitangulia mbele ya haki miaka michache iliyopita. Watoto wake waliniachia chumba. Nilipostaafu nilimpa Muthoni, yule msichana wa saluni aliyekuwa akiuliza kila kitufe kinafanya nini, na ameweka televisheni kubwa ya ukutani, nyembamba, safi, haina tepu. Nilimwachia kila kitu isipokuwa kadi. Mashine ya zamani ameniwekea chini ya meza, na mara mojamoja naenda asubuhi, kabla wateja hawajaja. Lekishon, ambaye siku hizi ana ng'ombe wake mwenyewe na mvi kidogo, akisikia nimekuja anaacha kila kitu. Tunawatoa, tunawanywesha, tunawakamua, tunawarudisha.

Juzi ndama alizaliwa. Tulipoingia zizini nilinyanyua mkono kama kawaida yangu, nikafunika ile kona ya kioo kwa kiganja. Muthoni alikuwa nyuma yetu anafagia. Akasimama na ufagio wake, akatabasamu, akauliza, "Kwani sasa ziko ngapi?"

Mimi na Lekishon tuligeuka tukamtazama kwa pamoja, na kiganja changu kikabaki palepale.